Saa Nane Kasoro Kumi

Niliikuta kando ya pipa, ghorofa ya tatu,
karatasi ya manjano kifuani: ya kutupwa.
Bi Holroyd akasema, chukua,
ila ukianguka nayo ngazini bima haikuhusu.
Nikaisukuma kwenye toroli la ndoo na mafagio
hadi kituo cha basi cha Huddersfield,
mvua ikija kwa ubavu,
yenyewe imevaa koti langu, mimi nimelowa.

Kinyozi hajinyoi.
Usiku nafuta meza mia na arobaini
katika kiwanda cha sufu kilichogeuzwa ofisi za bima,
nabandua hata bigijii chini ya viti,
na nyumbani mashine yangu inajaa
faili za muda ambazo muda wake ulikwisha zamani,
picha ile ile mara nne, tiketi za basi za mwaka juzi,
na kila nikiiwasha kidirisha kinabisha hodi:
Kuna masasisho. Sasa, au baadaye?
Baadaye, nabonyeza.
Baadaye.
Ikafika siku hata herufi zilikuja moja moja, kama wagonjwa.

Mpwa wangu Nadhiri, anayesoma Leeds,
alikuja Jumapili, akala biriani, akalamba kijiko:
"Shangazi, kazi ya kujirudia haimstahili mtu.
Iandikie amri, ipe saa, shughulika na yako."
Mistari sita.
Andika daftarini umeanza saa ngapi.
Leta mapya. Weka mapya. Ng'oa yasiyotumika.
Futa kila kilichokaa kwenye taka siku thelathini.
Andika umemaliza saa ngapi.
Saa yenyewe akaniachia niijaze.

Nikajaza ninayoijua mimi:
saba na dakika hamsini, usiku,
niko kazini, hakuna anayeihitaji.
Mashine ikasoma saba yao.
Asubuhi, saa mbili kasoro kumi,
niko ukurasa wa kumi na moja wa fomu ya nyumba,
kwenye swali la umeishi hapa tangu lini,
kioo kikazimika puu,
kikarudi kisafi, hakinijui.

Kwetu saa huanza kuhesabiwa jua likitoka.
Huku huanzia gizani, watu wamelala.
Miaka kumi na tisa naongeza sita, natoa sita,
kwa daktari, kwa treni, kwa mwalimu wa mtoto;
sikujua na chuma nacho kinadai.
Nikatoa sita. Nikaandika moja na hamsini,
na juu yake, nyuma ya alama ya reli, mashine isipasome:
hii ni saa nane kasoro kumi, usijisahau.

Ikaenda vizuri hadi Oktoba.
Jumapili moja nafungua daftari lake:
Nimeanza 1:50. Nimemaliza 1:10.
Nikavua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikavaa.
Imemaliza kabla haijaanza.
Nadhiri akacheka simuni hadi akakohoa.
"Ni usiku ule wa kurudisha saa nyuma, Shangazi.
Haijakosea."

Usiku ule.
Niliingia saa nne, nikatoka saa kumi na mbili.
Kwa karatasi ya mshahara, saa nane.
Kwa magoti yangu, tisa.
Nilipiga deki ukumbi wa nne huku saa ya ukutani
ikijirekebisha kimya, kama mtu anayerudisha chenji pungufu
akitazama pembeni.

Nikachapisha ukurasa ule, nikapigia mstari nyakati zote mbili.
Nikaifuta meza ya Bi Holroyd, nikauweka katikati,
stepla juu yake usipeperuke.
Kesho yake, karatasi ya manjano:
Nitaliangalia baadaye.

Neno hilo nalijua. Nimelibonyeza mara ngapi!

Basi nikakaa, chai pembeni, kidole kimoja kimoja,
nikaongeza mstari wa saba bila kumwita Nadhiri:
kila Jumatatu, saa tatu ya asubuhi,
tisa yao, sikukosea,
mtumie Bi Holroyd ukurasa ule,
mpaka aseme sasa.
Kudai nako ni kazi ya kujirudia.
Mimi nina meza za kufuta.